Ndiva Ndogo ya Dada Nakijwa

Binti yangu Upendo alipotoa makochi sebuleni na kumpa jirani ayatunze, sikusema kitu. Nyumba ni yangu, lakini nimeshafika umri ambao mtu huulizwa kwa heshima tu, jibu lenyewe wenzake wameshalipata. Alitaka sebule iwe mahali pa kufundishia watoto wake wawili: Imani, mwenye miaka minne, na mdogo wake ambaye ndiyo kwanza anajifunza kukimbia. Amesoma kwenye simu na katika vitabu alivyoletewa kutoka Arusha namna ya kufundisha watoto wadogo nyumbani. Namna hiyo inaitwa Montessori, na kwa wiki nzima neno hilo lilisikika humu ndani mpaka Imani akauliza huyo Montessori atalala chumba gani.

Fundi Jumaa, seremala wetu hapa Same, alileta rafu mbili zinazonifika magotini. Alizitua, akazitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mzee wangu, nimetengeneza kama nilivyoambiwa," alisema. "Lakini ukiniuliza mimi, hapa kuku watataga vizuri sana."

Upendo akamweleza kwamba mtoto anatakiwa achukue kitu mwenyewe na akirudishe mwenyewe, bila kumwomba mtu mzima. Fundi akasema kwake watoto huchukua wenyewe hata bila rafu, kazi ni kurudisha. Tulicheka wote. Nilikuwa bado nacheka Upendo alipofunua ndoo aliyoagiza kutoka mlimani kwa mama mmoja mfinyanzi. Ndani mlikuwa na udongo mweusi uliofungwa katika gunia bichi, wa watoto kufinyangia. Harufu yake ikajaa sebule yote, na mimi nikatafuta mahali pa kukaa, nikakuta makochi hayapo.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Upareni mtaijua harufu hiyo. Ni harufu ya ukuta wa ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya kumwagilia, tunapoukandika upya kabla ya kiangazi. Kwangu mimi ni harufu ya chumba kimoja kidogo, na ya kosa ambalo nimelibeba miaka yote hii nikiwaacha watu wadhani mikono yangu ni mitupu.

Kijiji chetu kiko juu, mahali ambapo asubuhi ukungu huchelewa kuondoka. Wakati wa vuli mama zetu walikuwa wakishuka tambarare kulima mahindi. Walikaa huko siku nne, tano, wakilala katika vibanda vya shambani, na watoto wadogo tuliachwa juu kwa sababu ya joto na mbu. Sisi wa boma letu na la jirani, jumla watoto saba, tuliachwa kwa dada yangu Nakijwa. Alinizidi miaka kumi. Alikuwa amemaliza shule ya msingi na kufaulu, lakini nafasi ya kuendelea haikupatikana, na siku zile msichana aliyekosa nafasi hakuulizwa tena anataka nini. Alipewa jembe na watoto wa kulea.

Nyumba yetu ilikuwa na sehemu ya mbuzi kwa ndani, kama nyumba nyingi za zamani. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa amewahamishia mbuzi bandani baada ya wageni wa usharika kuja kusali nyumbani na kutoka mapema kuliko ilivyopangwa. Kile chumba kikabaki kitupu. Dada akakiomba. Alikikwangua sakafu, akakikandika kwa udongo wa ndiva uliochanganywa na majivu, akapasua dirisha dogo upande wa mashariki. Akatafuta mbao mbili, akaziweka juu ya mawe, chini kabisa, usawa wa mikono yetu. Halafu akaanza kukata vitu.

Alikata mpini wa jembe bovu ukawa wa kimo chetu. Akakata ufagio. Akachagua vibuyu vidogo ambavyo mama alikuwa ameviacha kwa kuwa havifai kitu, akavitengeneza vikawa kata za kuchotea. Alipanga kila kitu juu ya zile mbao, kila kimoja mahali pake, na kila mmoja wetu alipewa mkeka mdogo uliosukwa kwa maganda makavu ya mgomba. Ukiingia unachukua kitu kimoja, unakaa nacho kwenye mkeka wako, ukimaliza unakirudisha. Palikuwa na ungo wa mahindi na maharage yaliyochanganywa, kazi yako ni kuyatenganisha. Na yalipotenganishwa yote, dada aliyachanganya tena chunguni, yakawa makande yetu ya mchana. Nilipokuwa na miaka sita jambo hilo lilinisumbua sana.

Kulikuwa na amri mbili tu. Ukimwaga, unafuta. Na usimsaidie asiyeomba. Dada mwenyewe aliifuata hiyo ya pili kuliko sisi. Aliweza kukaa amekunja mikono, akimtazama mtoto wa miaka mitatu anahangaika na kata ya maji mpaka machozi yamtoke, asinyanyue hata kidole. Wala hakusifu. Ukiweza jambo, alikaa kimya kidogo, akaondoa kitu kile mbele yako, akakuletea kikubwa zaidi. Kata ndogo, kisha kata kubwa. Ufagio mfupi, kisha mrefu. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa, na sote tuliielewa, na tuliitamani kuliko sukari.

Nje ya mlango wa chumba hicho, chini ya upenu, alichimba ndiva ndogo. Haikuzidi ungo kwa upana. Aliikandika vizuri, akatoboa tundu kwa chini, akaliziba kwa gunzi lililofungwa nyuzi za mgomba na kufunikwa kwa tope. Kutoka hapo alichora mifereji mitatu kuelekea vitalu vitatu vya maharage, kila kimoja ukubwa wa kanga iliyokunjwa. Tulimwagilia kwa zamu, kama wazazi wetu. Kwanza unasafisha mfereji. Halafu unamwita wa chini, "Uko tayari?" na unangoja ajibu. Halafu unatikisa kizibo polepole, huku na huku, usivute kwa hasira, mpaka kilegee chenyewe. Ukisharidhika kwamba maji yamefika, unarudisha kizibo na kukizungushia tope.

Lazima niseme kwamba kwetu mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga ukuta wa ndiva ya ukoo, wala kusogelea kizibo chake. Dada alijifunza yote hayo akiwa amesimama njiani na mzigo wa kuni kichwani, akiwatazama wanaume.

Mimi ndiye niliyechelewa kuliko wote kujua ile kazi. Nilivunja magunzi. Nilitia tope jingi au kidogo. Mtoto wa jirani, msichana niliyemzidi mwaka mzima, alihitimu kabla yangu, na siku hiyo nilikwenda kulilia nyuma ya banda la mbuzi. Dada aliniona na hakuja.

Katika siku hizo hizo mke wa mchungaji, tuliyemwita Mama Mchungaji, alipita nyumbani akitafuta mayai. Alisimama mlangoni mwa kile chumba muda mrefu, kapu mkononi. Mtoto mmoja alimwaga maji, akainuka bila kuambiwa, akachukua kitambaa kwenye ubao, akafuta, akakianika. Mama Mchungaji alimuuliza dada ni nani aliyemfundisha kufanya hivi. Dada akajibu kwamba hakuna, amewatazama tu watoto. Yule mama akasahau mayai. Alirudi siku ya tatu na kumweleza baba kwamba kuna mafunzo ya mwaka mmoja ya walimu wa watoto wadogo, upande wa Moshi, na usharika unaweza kumpeleka msichana mmoja. Kilichotakiwa ni barua ya baba na kauli ya kamati ya usharika. Baba alisema ataandika. Tangu siku hiyo dada alianza kuimba akienda mtoni. Alikuwa na sauti mbaya, Mungu amsamehe, na hatukumtania.

Kisha ikaja asubuhi nilipoweza. Nilisafisha mfereji, nikamwita wa chini, nikatikisa kizibo, nikamwagilia, nikaziba. Halikutoka hata tone. Dada alikuwa amechuchumaa karibu. Alikaa kimya kidogo, kama kawaida yake. Nikangoja aniletee kitu kikubwa zaidi. Lakini mtoto mmoja alianguka ndani akalia, dada akaenda, na mimi nikabaki na swali: baada ya ndiva ndogo, kinachofuata ni nini?

Jibu nililijua. Lilikuwa kilomita moja kutoka nyumbani, limejaa maji hadi ukingoni.

Siku ya pili yake ilipigwa pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na wanaume wote wakapanda juu kuzibua mfereji mkuu. Nilitoka nyumbani peke yangu, mchana kweupe, nikiwa nimeoga. Sikunyemelea. Nilipita mbele ya nyumba za watu nikiwaamkia. Ndiva ya ukoo wetu ilikuwa imekusanya maji ya siku mbili, kwa sababu ulikuwa mwaka wa jua kali na mahindi ya juu yalikuwa yanaanza kutoa mbelewele. Kizibo chake kilikuwa mti mrefu uliosimama ndani ya maji, ncha yake imevishwa maganda na udongo. Nilisafisha mfereji kwa mikono, hatua kama kumi hivi, nikaona inatosha. Nikaita, "Uko tayari?" Hakuna aliyejibu. Nikajijibu mwenyewe. Nikaukumbatia ule mti, nikautikisa huku na huku, polepole, bila hasira. Nilitikisa mpaka jasho likanitoka. Ukalegea.

Sijawahi kusikia tena sauti kama ile. Mti uliniponyoka, ukazama, ukapita. Maji yalitoka kwa kishindo, mfereji ukajaa na kufurika, na kuta zake zikaanza kumeguka kama ugali. Nilichota tope kwa kiganja, kama nilivyofundishwa, nikalitia tunduni. Likapotea. Nikachota jingine. Nyumba ya karibu ilikuwa mahali pa kusikia mtoto akipiga kelele, lakini sikupiga kelele. Usimsaidie asiyeomba, na mimi sikutaka kuwa mtu wa kuomba, siku ile niliyopewa kikubwa kuliko wote. Nilikaa pale nikitia tope kiganja kwa kiganja, mpaka ndiva ikabaki matope na vyura.

Maji yale yalisomba kitalu cha mjane mmoja, yakaishia katika shamba la ukoo mwingine huko chini. Mahindi ya juu yalikauka yakiwa wima.

Wazee walikaa kesho yake nyumbani kwa baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa ndiva. Nilisimamishwa katikati. Nakumbuka miguu yao, na mmoja aliyekuwa anachonga kijiti. Sikuogopa. Hawakunipiga, hawakupaza sauti, na watu wazima wote walikuwa wananitazama mimi. Nilidhani nimeitwa kwa ajili ya ile kazi.

Baba mkubwa aliniambia nioneshe nilivyofanya. Nikaonesha, nikikumbatia hewa. Yule wa kijiti akasema, "Huyu ametikisa kwanza. Wapo watu wazima hapa wanaovuta tu." Wengine wakaguna. Kifua kikanijaa.

"Nani alikufundisha?" baba mkubwa akauliza.

"Dada."

"Dada yupi?"

"Dada Nakijwa."

"Na kwenda kule, nani alikwambia uende?"

Nilifikiri kidogo. Alinipa kata ndogo, akanipa kubwa. Alinipa ufagio mfupi, akanipa mrefu. Na nilitaka afaidi na yeye, maana alikuwa amesimama nyuma kabisa, pembeni ya wanawake, na hakuna aliyekuwa anamtazama.

"Dada," nikasema.

Wakageuka wote. Nikamtafuta kwa macho ili tufurahi pamoja. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa na maji baridi.

Dada alisema neno moja, na alilisema kwa adabu, ameinamisha kichwa. "Nilimfundisha. Sikumtuma."

Hawakumwamini. Lile shamba la chini lililokunywa maji yetu lilikuwa la watu wenye kijana wa kiume, na kijana huyo aliwahi kuonekana akimbebea dada mzigo. Kwa wazee hesabu ilikuwa imekamilika: msichana amemfundisha mtoto, amemtuma, maji yaende kwa wakwe wa kesho. Zaidi ya hayo, msichana kuchezea mambo ya ndiva lilikuwa kosa tosha. Iliamuliwa mbuzi atolewe, achinjwe palepale kwenye ukuta kusafisha ndiva, kama desturi. Baba, mzee wa kanisa, ambaye alikuwa amesimama mbele ya usharika mara ngapi akikataza matambiko, alimkokota mbuzi wake mwenyewe kupita mbele ya nyumba ya mchungaji.

Kamati haikutoa kauli. Mama Mchungaji alikuja kumtetea dada, na baba alimsikiliza akiwa amesimama, hakumkaribisha kiti. Jioni ile jua lilikuwa halijazama baba alipochukua jembe na kuifukia ile ndiva ndogo. Alipiga mara tatu tu. Mbuzi wakarudi ndani ya chumba. Dada alikuwa anakusanya vibuyu vyake nilipomfuata na kumuuliza, kwa sababu nilikuwa nangoja tangu jana, kwamba sasa nimeweza ile kubwa, kinachofuata ni nini.

"Hakuna tena, mdogo wangu," alisema. "Vimeisha."

Ningeweza kukomea hapa, na wengi mngesema mtoto wa miaka sita hana lawama. Hata mimi nimejiambia hivyo. Ndiyo sababu sijawahi kumsimulia mtu sehemu inayofuata.

Miaka tisa baadaye nilichaguliwa kwenda sekondari. Kufikia hapo nilikuwa nimeelewa yote. Nilielewa kwa nini yule kijana wa shamba la chini alioa kwingine, na kwa nini dada, mwenye miaka ishirini na tano, alikuwa bado nyumbani akilima tangawizi ya baba. Sare yangu ya shule aliishona yeye kwa mkono. Siku ya kuondoka baba alinisindikiza kushuka Same, mimi na sanduku langu, kwa mguu. Alikuwa na furaha niliyokuwa sijaiona kwake. Tulipofika kwenye kona ambapo tambarare yote inaonekana, akasimama kupumzika. Alisema akina Mama Mchungaji wanahamishwa, lakini kabla hawajaondoka yule mama ameuliza tena habari za Nakijwa. Wanahitaji msichana mwenye akili, umri si kitu. Baba alikuwa ameandika barua. Aliitoa mfuko wa koti, akanionesha bahasha.

"Wewe sasa ni msomi," alisema. "Mimi nataka nimpe hii barua yule mama nikiwa na moyo mweupe. Niambie kweli. Dada yako alikutuma siku ile, hakukutuma?"

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nilijua maana ya kila neno. Nikisema hakunituma, basi ni mimi, peke yangu, niliyemfanya baba amkokote yule mbuzi. Na yeye alikuwa ameniita msomi, na sanduku langu alikuwa amelibeba yeye. Niliogopa kuiharibu furaha ile. Hilo tu. Hakunishikia fimbo.

"Alinituma, baba," nikasema.

Aliitazama ile bahasha, akairudisha mfukoni. Tukaendelea kushuka. Sikuiona tena.

Dada aliozwa mwaka uliofuata kwa mgane mmoja wa Kileo, mtu mzima mwenye watoto waliokwisha kukua. Hakupata wa kwake. Alikuwa amesikia kwa Mama Mchungaji kwamba baba ameahidi kuandika barua, na hakujua kwa nini haikufika. Akaamini kwamba baba aliamua tu kumbania. Baba alipofariki dada alikuja msibani, akasimama karibu na mahindi. Wakati wa watoto kutia udongo kaburini jina lake liliitwa mara tatu. Akageuka, akaondoka na njia ya Kileo, hata chakula hakugusa. Watu walimsema vibaya sana. Mimi nilikuwa nimeshika koleo. Nilikuwa karani, nina mke, nina nywele za kichwani bado, na nilikuwa na mdomo. Nilichofanya ni kuanza kumpelekea vitenge. Kila Krismasi, kitenge. Atakuwa na sanduku zima la vitenge vyangu.

Sasa Upendo, alipokwisha kupanga rafu zake, alisema shangazi lazima aje akione chumba kabla ya mtu mwingine. Alimpenda tangu utotoni na hakujua lolote kati ya haya. Akamfuata Kileo na gari la kukodi. Dada ana zaidi ya miaka themanini, amekauka kama mlonge wa kiangazi, lakini anatembea bila fimbo. Aliingia, akasimama mlangoni. Upendo akaanza kumweleza Montessori alikuwa nani. Dada akamsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kisha akaketi sakafuni, polepole, akazitazama zile rafu akiwa chini kule kule wanakotazamia watoto.

"Punguza vitu nusu," alimwambia. "Vikiwa vingi mtoto anatazama, hachukui."

Upendo akapunguza. Imani akaja na sinia la maharage, akakaa mbele ya shangazi bila kukaribishwa, na wale wawili wakatenganisha maharage kwa muda mrefu bila kusemezana. Nilimwangalia dada mikono ikienda, nikaona kwamba kama hataambiwa na mimi hatajua kamwe. Watoto walipolala mchana, nilimwambia. Nilianza na ile ya kwanza, akanikatiza.

"Ile naijua. Ulikuwa mtoto."

"Kuna nyingine."

Nikamweleza ya kona, ya koti, ya bahasha. Alikuwa bado sakafuni. Hakuinua uso.

"Alikuwa ameshaiandika?"

"Alikuwa nayo mfukoni."

"Imefungwa?"

"Imefungwa, dada. Alikuwa anampelekea yule mama siku hiyo hiyo."

Nilitamani anitukane. Nje lilipita lori la mkonge, vikombe vikatikisika.

"Basi nilimnyima baba udongo bure," alisema.

Nilipiga magoti nikaomba msamaha, maneno niliyoyafanyia mazoezi kwa miaka. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza Upendo. Kisha akasema kesho anataka kupanda juu. Nikasema nitampeleka. "Upendo atanipeleka," alisema. "Wewe kaa na watoto."

Walirudi alasiri. Kanga yake ilikuwa na udongo mwekundu magotini, na kucha zake pia. Upendo aliniambia baadaye kwamba shangazi alilipalilia kaburi lote kwa mikono, na alipojaribu kumsaidia akaambiwa angoje aombwe.

Nilidhani atarudi Kileo. Hakurudi. Upendo alimwomba akae mpaka watoto wazoee, naye akakubali, na jirani wawili wameongeza watoto wao, kwa hiyo sasa wako watano. Anaanza saa mbili na nusu asubuhi. Watu wazima hawaingii, isipokuwa Upendo, na Upendo mwenyewe anakaa pembeni amekunja mikono. Nikipita barazani nasikia vitu vinachukuliwa na kurudishwa. Mwanamke huyu alitakiwa kuyafanya haya miaka sitini iliyopita, kwa mamia ya watoto. Wamebaki watano, na magoti yanamuuma.

Kila asubuhi, kabla hajafunga mlango, namwambia, "Shikamoo, dada." Ananijibu, "Marahaba." Kwetu marahaba hanyimwi mtu, hata adui. Zamani, baada ya marahaba, alikuwa akiniuliza nimeamkaje.